Ukienda shuleni kuhamasisha sayansi, beba kijiti

Kila ikifika Julai, simu yangu hujaa ujumbe wa wadogo zangu wa vyuo waliorudi Kigoma likizo. Wanataka kwenda shule walizosoma "kuhamasisha masomo ya sayansi na hisabati". Wengine wanaomba ushauri, wengine mchango wa fulana. Ushauri natoa. Mchango wa fulana sitoi, na sababu ninayo.

Mara yangu ya kwanza nilikuwa mwaka wa pili, nasomea ualimu wa fizikia na hisabati. Tulikuwa saba. Tulichangishana, tukachapisha bango na fulana, tukaenda shule moja ya kata hapa Kigoma. Kidato cha kwanza mpaka cha nne wakakusanywa chini ya mwembe, sisi tukapokezana kuhutubia. Hisabati si ngumu, ni nia tu. Mkifaulu mtapata mkopo wa serikali. Na yote hayo kwa Kiingereza, ili waone usomi wetu.

Mwishoni tukauliza kama kuna swali. Kimya. Kisha binti mmoja wa kidato cha pili, amekaa nyuma kabisa, akanyoosha mkono na kuuliza kwa Kiswahili: "Kaka, tunaambiwa saa sita mchana jua linakuwa utosini na kivuli kinakuwa kifupi kuliko saa zote. Mbona hapa kwetu kivuli kinakuwa kifupi saa saba?"

Wenzake wakacheka. Mimi, msomi wa fizikia, nikamjibu kwamba hayo atayakuta mbele ya safari, akazane tu na masomo. Tukapiga picha, tukaondoka. Ukweli ni kwamba sikuwa na jibu.

Swali lile lilinikaa kooni kama mwiba wa migebuka. Nilipokaa na ramani ndipo nikaona aibu yangu ilivyo kubwa. Saa tunazotumia Afrika Mashariki zimepangwa kwa kufuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, mstari ambao Tanzania haiufikii hata kidogo. Mji wa Kigoma uko karibu na nyuzi 30. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa moja. Toa 30 kwenye 45, unabaki na 15, yaani saa nzima. Jua la utosi la Kigoma ni la saa saba, na yule binti alikuwa sahihi kuliko kitabu chake.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba jibu nililikulia. Bibi yangu wa Ujiji, kila Ramadhani, redio ya Dar es Salaam ikitangaza kufuturu alikuwa anatuonya tusiguse tende: "Hao ni wa Dar, sisi jua letu bado." Tulikuwa tunasubiri kama dakika 40. Kati ya Dar es Salaam na Kigoma kuna tofauti ya nyuzi kama kumi za longitudo, na kila nyuzi moja ni dakika nne. Bibi hakusoma jiografia ya kidato chochote.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: usiende na hotuba, nenda na kitu kimoja ambacho watoto watakipima wenyewe. Mwaka uliofuata, Agosti, nilirudi shule ileile na wenzangu wawili tu, bila bango. Tulibeba fito tano zilizonyooka, kila moja ikibaki mita moja juu ya ardhi ukishaisimika, futi za kupimia, na uzi wenye jiwe wa kuhakikisha fito imesimama wima. Madamu wa jiografia akatupa wanafunzi 40 na kiwanja cha nyuma ya madarasa. Tukawagawa makundi matano. Kazi ilikuwa kuweka kokoto kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika tano, kuanzia saa sita mpaka saa saba na nusu, na kuandika urefu.

Saa sita kamili kivuli kilikuwa sentimita 47. Kikaendelea kufupika. Saa saba na dakika chache kilifika 34, kisha kikaanza kurefuka upande wa pili. Kundi moja lilipata 39 na likaanza kubishana na wengine, mpaka walipotundika uzi na kuona fito yao imeinama. Hapo sikusema neno. Kijana mmoja akaisimamisha upya, akafuta namba zao zote daftarini na kusema waanze tena kesho. Hotuba zetu saba za mwaka uliopita hazikuwahi kumfanya mtoto arudie kazi bila kutumwa.

Yule binti alikuwepo, sasa yuko kidato cha tatu. Nilimwomba radhi mbele ya wenzake, kisha nikamwomba yeye aeleze kwenye ubao kwa nini ni saa saba. Alieleza nusu kwa Kiswahili, nusu kwa Kiingereza, na madamu alimwacha.

Hapo kwenye lugha naomba mnisikilize. Mtoto wa kwetu nyumbani anaongea Kiha au Kiswahili, hesabu za shule ya msingi amefanya kwa Kiswahili, halafu Januari anaingia kidato cha kwanza anakuta pembetatu, sehemu na kanieneo vyote vimebadilishwa majina. Wengi mnaoambiwa hawajui hesabu, hawajui swali linasema nini. Wewe si mwalimu wake wa kila siku na hujaja kumaliza mada. Waache waulize kwa Kiswahili, wakishaelewa ndipo uwape neno la Kiingereza watakaloliona kwenye mtihani.

Na usicheke swali. Nchi hii ina ushahidi wake. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Magamba, Tanga, aligundua kwamba mchanganyiko wake wa aiskrimu uliowekwa kwenye friza ukiwa moto uliganda kabla ya uliopozwa. Alichekwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alikuja mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, Denis Osborne, kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akamuuliza lilelile, na wenzake wakacheka tena. Osborne hakumdharau, alirudi chuoni akajaribu. Mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja, na mpaka leo wanafizikia duniani wanabishana juu ya jambo linaloitwa kwa jina la Mpemba. Yote hayo yalitokana na ziara ya mtu wa chuo kwenye shule ya sekondari. Nikilikumbuka jibu langu chini ya mwembe, najisikia vibaya mpaka leo.

Mambo ya ofisini nayapitia haraka. Andika barua kwa mkuu wa shule, uliza kama inabidi ipitie kwa Afisa Elimu Sekondari wa halmashauri, na usisubiri Oktoba, maana kidato cha pili na cha nne wanakuwa wanajiandaa na mitihani ya taifa. Onana kwanza na mwalimu wa somo, ukae naye umuulize mada gani imemshinda kufundisha kwa kukosa vifaa. Ukimpita utaonekana umekuja kumuumbua.

Vifaa visikutishe. Mabomba mawili ya sindano na mpira wa dripu vinatosha kufundisha jeki inavyonyanyua gari. Karabai ya wavuvi, kama bado unaipata siku hizi za taa za sola, ina somo zima la kanieneo na mvuke ndani yake. Fito ileile ya kivuli inapima urefu wa mchikichi bila mtu kupanda: kivuli cha fito ya mita moja kikiwa sentimita 80 na cha mchikichi mita 8.8, mti una mita 11. Hela ya fulana moja inanunua mabomba, mpira na fito, na vinabaki shuleni mkiondoka.

Kubwa kuliko yote ni kurudi. Kama una uwezo wa kwenda shule tano mara moja au shule moja mara tano, chagua moja. Sisi tuliwaachia fito na daftari. Novemba madamu akanitumia picha: kivuli kimekuwa kifupi kabisa saa saba kasorobo. Februari akatuma nyingine: saa saba na robo. Nusu saa nzima ya tofauti, fito ileile, kiwanja kilekile. Watoto wanauliza kama saa ya shule ni mbovu.

Saa ya shule ni nzima. Dunia haiendi kwa kasi ileile mwaka mzima inapolizunguka jua, na mhimili wake umeinama. Sijawaambia bado. Nimewaandikia wapime tena Mei, na kwamba Agosti nakuja.