Usilinganishe neno na makala nzima, mkuu

Mkuu, simama hapo hapo. Umeuliza jinsi ya kufanya mtu akikosea herufi anapotafuta makala aulizwe "je, ulimaanisha…". Sawa, ila hiyo WHERE similarity(makala, neno) > 0.3 uliyobandika (yaani leta makala zinazofanana na neno kwa zaidi ya 0.3) itakuletea patupu hata neno likiandikwa sawasawa.

Hesabu ni hii. pg_trgm, kiendelezi cha hifadhidata ya PostgreSQL kinachopima maandishi yanavyofanana, hukata maandishi vipande vya herufi tatu tatu, kisha hugawa vipande vya pamoja kwa jumla ya vipande vyote vya pande mbili, kila kimoja kikihesabiwa mara moja. "Kitabu" hutoa vipande 7, kwani nafasi za mwanzo na mwisho wa neno nazo huhesabiwa. Makala yenye vipande 700 ikiwa nayo yote saba, alama ya kufanana ni 0.01. Utashusha kizingiti, takataka ziingie, halafu uilaumu seva! Tena similarity() ndani ya WHERE haigusi indeksi (orodha ya kuharakisha utafutaji) kabisa; inayoitumia ni alama ya %. Hao wanaofundisha kwa jedwali la mistari kumi hawakuambii, maana kwa mistari kumi hata konokono ana mbio.

Linganisha neno na neno. Tengeneza jedwali la maneno yote yaliyomo kwenye makala, ambamo ndoc ni idadi ya makala zenye neno hilo:

CREATE TABLE maneno AS SELECT word, ndoc FROM ts_stat('SELECT to_tsvector(''simple'', makala) FROM machapisho');

Hiyo 'simple' usiiguse. Ukiweka 'english' utampendekezea mtu maneno yaliyokatwa mkia. Juu ya safu ya word weka indeksi ya aina ya GIN yenye gin_trgm_ops, ili vipande vya herufi tatu vitafutwe haraka.

Bado kuna mtego. "Kitbau" na "kitabu" zina vipande 3 vya pamoja kati ya 11, yaani 0.27, na kizingiti cha kawaida ni 0.3. Kosa la kawaida kabisa la vidole, na linaachwa! Shusha pg_trgm.similarity_threshold hadi 0.2, tafuta kwa word % 'kitbau', kisha chuja waliobaki kwa levenshtein (umbali, yaani idadi ya herufi za kubadilisha, kuongeza au kufuta) ya kiendelezi cha fuzzystrmatch isiyozidi 2. Usiweke 1, kwa sababu herufi mbili zilizobadilishana nafasi huhesabiwa makosa mawili. Wakilingana umbali, mwenye ndoc kubwa atangulie.

Jedwali hilo halijisasishi, kwa hiyo lijenge upya kila usiku. Na maneno yenye ndoc 1 yatazame kwa jicho kali kabla hujayapendekeza: makosa ya waandishi wenyewe hujificha humo.