Nimeteguka kifundo: barafu, maji moto au nikiwache tu?

Suali: Asalamu alaykum dokta, mi nipo Wete nacheza beki. Jana Alkhamisi nlikanyagia mguu wa mwenzangu kifundo kikapinda kwa ndani, saivi upande wa nje kimefura, kinauma lakini natembea natembea hivo hivo. Rafiki yangu kanambia nifunge barafu usiku kucha, bibi anataka anikande maji moto anichue na mafuta ya karafuu, na mwengine kanitumia klipu ati barafu siku hizi haitakiwi kabisa inachelewesha kupona. Nimsikilize nani? Na Jumapili tuna mechi.

Jibu: Waalaykum salaam mdogo wangu, pole. Mi si dokta lakini, mi mtu wa fiziotherapia, na vifundo kama chako ndo kazi yangu ya kila siku.

Kabla hujatafuta barafu bonyeza mifupa kwanza. Shika zile kokwa mbili za kifundo, ya nje na ya ndani, bonyeza ukingo wao wa nyuma kuanzia nchani kupanda juu kama sentimita 6, khalafu ule mfupa uliojitokeza katikati ya ubavu wa nje wa unyayo, na ule wa ndani mbele ya kifundo. Ukiruka kwa maumivu pale pale kwenye mfupa, au ungekuwa huwezi hata hatua nne, basi nenda hospitali ukapige picha, haya mengine yasubiri.

Sasa hio klipu, haijaongopa yote. Ile fomula ya pumzika, weka barafu, bana, nyanyua ilitoka kwa daktari wa Marekani Gabe Mirkin mwaka 1978, na baadae mwenyewe akaja kusema barafu inaweza kuchelewesha kupona, kwa sababu ule uvimbe wa mwanzo ni mwili unajitibu, damu inaleta vitu vya kusafisha na kutengeneza. Ila ushahidi mwingi wa kuchelewesha umetoka kwa wanyama wa maabara, kwa binadamu bado haujakaa sawa, kwa hivo mi sikukatazi. Nnachokwambia ni kuwa barafu ni dawa ya maumivu tu, inapunguza kasi ya mishipa ya fahamu kupeleka taarifa basi, ligamenti iliyochanika (ule ukano unaoshikanisha mfupa na mfupa) barafu haiiungi. Kama usiku hulali au kifundo hukiwezi hata kukichezesha, weka, siku mbili tatu za mwanzo. Kama maumivu unayastahamili wala usijisumbue.

Na ukiweka weka vizuri mana hapa ndo watu wanapoungua. Zile barafu za vifuko zikitoka kwenye friza zina baridi chini ya sifuri, ziponde, tia maji kidogo zianze kuyeyuka, funga kwa kitambaa kilichorowa uzungushie kifundo. Dakika 10 mpaka 15, zisizidi 20, toa, usirudie mpaka yapite kama masaa mawili. Chumvi usitie hata kidogo, inashusha baridi zaidi ngozi inaungua kama moto. Hio ya usiku kucha mwambie rafiki yako ajifunge yeye! Ngozi ikiwa nyeupe au imekufa ganzi kabisa toa hapo hapo, na mtu mwenye sukari ambae miguu haisikii vizuri asiiguse.

Bibi nae mbembeleze asubiri kidogo, kukanda moto na kuchua siku mbili za mwanzo kunazidisha kufura. Uvimbe ukitulia maji ya vuguvugu ruksa. Mafuta ya karafuu yasiyozimuliwa yanachoma ngozi, na usiyaweke kisha ukafungia barafu juu yake.

Lakini nyote watatu mnagombania kitu kidogo, kinachotibu kifundo khasa ni mazoezi. Kesho kaa kitako nyanyua mguu uandike herufi hewani kwa kidole gumba, alifu mpaka ye, mara kadhaa kwa siku, na endelea kutembea kwa kadiri unavostahamili. Maumivu yakipungua nyanyua visigino ukishika ukuta, ukiweza simama kwa mguu mmoja, baadae ufumbe macho. Hio ya mguu mmoja watu wanaidharau na ndo inayozuia kuteguka tena.

Jumapili hapana. Na usije ukapaka barafu mapumziko ili urudi kipindi cha pili, kifundo chenye ganzi hakijui kimekanyaga wapi. Ukiweza kurukaruka kwa mguu huo mmoja na kukata kona bila ya kuuma ndo mwambie kocha akupange.