Kiti cha kulishia mtoto: cha plastiki au cha sponji?

Dada, umeuliza ununue kiti gani cha kulishia mtoto wa miezi sita, cha plastiki au kile cha sponji chenye magurudumu, na sebule yako ni ndogo. Chukua cha plastiki.

Mimi nilianza na cha sponji. Kilipendeza kweli, ila wiki ya pili uji wa lishe ulishaingia kwenye mishono, ukakauka, ukaanza kunuka. Nikawa nachokonoa kwa kijiti cha meno huku mtoto analia njaa! Cha plastiki unakitoa uani, unakimwagia maji na sabuni, basi. Tafuta ambacho miguu yake inachomoka, ukisafiri unakifunga na mizigo.

Dukani usione haya, kitikise. Miguu iwe imetanuka chini, kisiyumbe. Trei jaribu kuichomoa kwa mkono mmoja, maana mwingine utakuwa umemshika mtoto. Mikanda ndiyo usifanyie mchezo: lazima kuwe na wa kiunoni na ule wa katikati ya mapaja, la sivyo mtoto anateleza chini ya trei. Ukinunua cha mtumba, funga na ufungue vifungo vyote palepale.

Nyumbani usikiweke karibu na meza au ukuta. Wa kwangu alisukuma meza kwa miguu, kiti kikainuka nyuma, nikakidaka.

Halafu, anakaa mwenyewe bila kuegemezwa? Kama bado, endelea kumpakata kwanza.