Udongo wa ndoo umechoka baada ya msimu mmoja: niumwage?

SWALI: Salaam bwana shamba. Nakaa Kawempe, shamba sina, kwa hiyo napanda nyanya uani kwenye ndoo za lita 20. Nilichanganya udongo mwekundu, samadi ya ng'ombe na maganda ya kahawa, na chini nikatandika kokoto ili maji yatoke. Mbolea ya dukani sitaki. Msimu wa kwanza nilivuna vizuri. Safari hii udongo umeshuka karibu nusu ya ndoo, majani ya chini yanageuka njano, matunda yanaoza kitakoni, na miche miwili imenyauka ghafla ikiwa bado ya kijani. Jirani ananiambia udongo umekufa, niumwage. Ni kweli?

JIBU: Usimwage bado, dada yangu. Kwanza shughulikia hiyo miche miwili, maana ndiyo itakayoamua mengine yote.

Kata kipande cha shina la mche ulionyauka, karibu na udongo, urefu wa kidole. Kishikilie ndani ya glasi ya maji safi, ncha iliyokatwa ikizama kidogo, na usikitikise. Weka kitu cheusi nyuma ya glasi, utazame kwa dakika chache. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka kutoka kwenye shina, huo ni mnyauko bakteria, na huo weupe ni bakteria wenyewe wanaotoka. Dawa yake hakuna, iwe ya kiwandani au ya mitishamba. Ng'oa mche na mizizi yake uuchome, usiutupe kwenye mboji. Osha kisu kwa jiki, na hakikisha maji yanayotoka chini ya ndoo hiyo hayafiki kwenye nyingine.

Bakteria hao hukaa udongoni miaka. Kwa hiyo ndoo hiyo usiipandie tena nyanya, pilipili, biringanya wala viazi mviringo. Na hapa ndipo wengi wetu Uganda tunapojikwaa: nakati (mboga ya majani) na ntula (nyanya chungu) nazo ni ukoo huo huo. Panda sukumawiki au vitunguu.

Glasi ikibaki safi, na kwa ndoo zako zote ambazo miche imesimama, jirani amekosea. Udongo huo una njaa na umeshikana, basi. Samadi na maganda uliyochanganya yameliwa na bakteria, kuvu na minyoo, na hicho ndicho tulichotaka: wakila, wanaachia naitrojeni ambayo mizizi inaichukua. Shambani majani huanguka na mizizi huoza, chakula kinarudi chenyewe. Ndani ya ndoo hakiji kitu usichokileta wewe. Chakula kimekwisha, udongo umeshuka, na mmea unanyang'anya naitrojeni ya majani ya zamani kuipeleka kwenye machipukizi. Ndiyo maana njano inaanzia chini.

Maganda ya kahawa nayapenda sana, lakini mabichi yasichanganywe udongoni. Bakteria wanaoyashambulia hutumia naitrojeni ile ile ambayo nyanya inaingoja. Yatandaze juu, unene wa vidole vitatu, bila kugusa shina.

Huo uozo wa kitakoni si ugonjwa. Tunda limekosa kalisi (kalsiamu), na mara nyingi kalisi imo udongoni ila maji ya kuibeba yanakuja kwa vipindi: leo ndoo imekauka, kesho imefurika. Maganda ya mayai hayataokoa matunda ya msimu huu, yanayeyuka polepole mno. Mwagilia kila asubuhi, kwa kiasi. Udongo ukikauka hadi maji yanateremka pembeni mwa ndoo bila kuingia, ikalishe ndoo ndani ya beseni la maji kwa saa moja hivi, inywe kutoka chini.

Sasa kokoto. Ushauri huu umeenea kila mahali na unaharibu mimea ya watu. Maji hayatoki kwa urahisi kwenye udongo laini kuingia kwenye mianya mikubwa ya mawe. Husimama pale pale juu ya kokoto mpaka udongo wa hapo ulowe kabisa, ndipo yadondoke. Kwa hiyo lile tope ambalo lingekaa kwenye sakafu ya ndoo umelipandisha hadi kwenye mizizi, na umepoteza nafasi ya udongo. Ziondoe zote. Toboa matundu matano au sita ya ukubwa wa kidole chini kabisa, ujaze udongo mpaka juu.

Ukishavuna, mwaga udongo wa ndoo nzima juu ya turubai, uvunje mabonge. Kwa kila madebe mawili ongeza debe moja la mboji iliyoiva, na debe nusu la mchanga wa ziwa usio na vumbi ili hewa ipite. Majivu ya kuni, konzi moja kwa ndoo, yasizidi. Mboji iliyoiva haina joto na inanuka udongo wa mvua. Ikichoma pua, hasa ya kinyesi cha kuku, iache wiki kadhaa zaidi. Maganda ya matoke yatie kwenye mboji, yana potasiamu nyingi, ila si mabichi juu ya ndoo, utakaribisha panya. Rudisha mchanganyiko, funika kwa maganda ya kahawa, weka unyevu wiki tatu au nne. Ukishika konzi na kuikamua, lidondoke tone moja au mawili tu.

Ukiweza, hama kutoka ndoo za lita 20 kwenda magunia ya kilo 100. Udongo mwingi haukauki wala kupata joto upesi, na minyoo hukaa. Nenda pia kituo cha kilimo cha KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala, pale Kyanja, utaona mboga zilizopandwa kwenye vyombo vya kila aina. Njano ikiendelea hata baada ya mboji, peleka sampuli ya udongo kwenye maabara ya utafiti wa kilimo ya Kawanda wakupimie kabla ya kupanda nyanya za mvua za Septemba.