Maswali ya bahari: Mume wangu anataka tung'oe nanga Julai

SWALI: Shikamoo mjomba. Mimi na mume wangu tuna boti yetu ya matanga, futi 34, tuliinunua ikiwa mbovu tukaitengeneza wenyewe kidogo kidogo hapa Mtwapa. Mpaka sasa tumeenda Kilifi na kurudi tu. Sasa tunataka safari ya kweli, Wasini, Tanga, Unguja na tukijaliwa mpaka Mafia, kama miezi miwili hivi. Yeye anasema tutoke Julai manake likizo yake iko hapo na jua si kali. Mimi nimeongea na wazee wa jahazi wakaniambia subirini kaskazi. Nikimwambia anaona naogopa tu. Nani yuko sawa? (Msomaji, Mtwapa)

JIBU: Marahaba mwanangu. Wazee wako sawa kabisa, na ntakupa hesabu ukamwoneshe mwenzio usiku mkiwa mmekaa vizuri, isije ikawa ugomvi.

Kusi inavuma kuanzia Aprili mpaka Septemba, Oktoba hivi, inatokea kusini mashariki. Kwa hiyo Julai kila mahali ulipotaja hapo pako kule kule upepo unakotokea na itabidi mpige bisho, mkate huku mkate kule kutwa nzima. Boti ya ukubwa huo ikibisha vizuri inakata maji kama maili 5 za baharini kwa saa, lakini kwa vile inakwenda mshazari, kule mnakotaka mnasogea tatu na nusu tu, na hapo mawimbi hayajawapiga omo, yaani mbele ya boti. Sasa toa mkondo. Mkondo wa pwani yetu hii unakwenda kaskazini mwaka mzima, na kusi ikikolea unapata nguvu zaidi, nje ya mwamba unaweza kufika maili 4 kwa saa. Tatu na nusu toa nne. Matanga yamejaa, maji yanapita ubavuni kwa kelele, mnajiona mnakwenda kumbe mnarudi nyuma.

Mi hili nimeliona kwa macho yangu. Mwaka mmoja Julai hiyo hiyo nilitoka Shimoni, mkabala na Wasini, na mama watoto alfajiri kwenda Tanga, ni maili 30 tu, nikasema jioni tunakula samaki Tanga. Mpaka magharibi Wasini bado tunaiona pale nyuma, mama watoto katapika mpaka hana kitu tumboni, tanga la mbele limechanika, na mimi sikuwa na la kumwambia zaidi ya kugeuza usukani. Kurudi tulitumia saa tatu. Tangu siku ile sijawahi kwenda kusini wakati wa kusi, na yeye ilimchukua miaka miwili kukubali kupanda tena. Hilo ndo linaloniuma mpaka leo, tanga nilishona.

Kaskazi ndo njia yenu. Inaanza Desemba, Januari na Februari inakuwa imetulia pale pale, upepo unakuja nyuma na mkondo unalegea, haugeuki huku kwetu lakini hauwapigi vita. Tokeni katikati ya Januari. Mombasa mpaka Wasini ni kama maili 40, siku moja mkiamka mapema. Wasini Tanga 30. Tanga mpaka mji wa Unguja ni karibu 70, hiyo msiikimbize, ikateni mahali mlale. Unguja mpaka Mafia inapita maili 100 na hapo ndo mpime wenyewe kama mnaendelea au mnageuza. Kurudi mngoje Machi mwishoni, tanga mbili, kaskazi imekufa na kusi haijashika, upepo ni wa kubahatisha lakini mkondo unawasukuma nyumbani na dizeli kidogo itasaidia. Msichelewe mkaingia ndani ya masika. Na ukisikia mtu anasema pwani yetu haina tufani mwambie Mafia, Mei 2024, kimbunga Hidaya kilitua pale pale. Taarifa ya hali ya hewa ya baharini msikilize kila siku bila kukosa, ya Kenya na ya Tanzania.

Kama likizo haiwezi kusogezwa basi Julai nendeni Lamu, upepo na mkondo vyote vitawabeba, ila kurudi boti iacheni huko au mtafute namna mpaka kaskazi ije.

Kitu kingine ambacho hujauliza lakini siwezi kukiacha, ni saa ya kuingilia milango ya mwamba. Bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji kwetu yanajaa kama saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, yanakupwa saa nne asubuhi. Hiyo ni zawadi. Saa tano mpaka saa nane mchana jua liko juu, mwamba unauona kahawia, mchanga kijani kibichi, kilindi bluu nyeusi, na maji yanajaa kwa hiyo hata mkikwama yatawanyanyua. Mkikwama maji yanatoka mtakaa hapo boti imelala ubavu mkiisikiliza inavyogongwa. Na jua liwe nyuma yenu, likiwa usoni huoni kitu. Ramani ya kwenye simu ni nzuri lakini mafungu ya mchanga yanahama, macho ya mtu aliyesimama omo hayana mbadala.

Nanga vile vile. Mkitia nanga maji yakiwa yamekupwa mkapima mita 3, usiku bamvua inaweza kuwa karibu mita 7, kwa hiyo mnyororo mhesabu kwa maji kujaa, mara tano ya kina hicho. Mtie kwenye mchanga, msitie kwenye matumbawe, na sehemu za hifadhi kama Kisite au Chumbe muulize kwanza.

SWALI: Mjomba ni mimi tena wa Mtwapa. Usiku kweli naogopa. Tuko wawili tu, yeye akilala mimi nabaki peke yangu na giza.

JIBU: Kuogopa usiku pwani hii ni akili, usimruhusu mtu akuambie vinginevyo. Ngalawa nyingi hazina taa, mvuvi anawasha tochi akiwaona mko juu yake, na jarife, ule wavu mkubwa, linatandazwa mbali, likishika panga la injini mmekwisha kazi. Mkiweza kwenda mchana tu, nendeni mchana tu, pwani yetu hiyo inawezekana karibu safari nzima. Ikibidi usiku basi mkae nje, mbali na mwamba na mbali na wavuvi, zamu saa tatu tatu, na anayekuja zamu apewe chai na dakika kumi za kuzoea giza kabla mwenzie hajashuka kulala.

Lakini nakuomba sana dada yangu, na hili umwambie ni mimi nimesema. Kabla ya safari mtoke siku moja hapo nje, mtupe dumu la njano majini, mume akae kimya kabisa mikono mifukoni, wewe peke yako ugeuze boti, utue tanga, uwashe injini ulifuate ulishike. Mara ya kwanza utalikosa. Rudieni mpaka ulipate mara tano mfululizo. Manake boti za watu wawili zina tatizo moja kubwa, mume ndo anajua kila kitu na mume ndo anayekwenda omo usiku kurekebisha tanga. Akianguka yeye nani anamrudia? Kwangu ni amri, hakuna anayetoka kwenye usukani usiku kwenda mbele bila kumwamsha mwenzie na bila kujifunga kamba, hata bahari iwe shwari kama sahani. Redio mjue kuitumia wote wawili, chaneli 16.

SWALI: Tukitoka Kenya tunaweza kupita Pemba kwanza tukae siku mbili tatu kisha ndo tukagonge pasi Unguja?

JIBU: Hapana. Mnatoka Mombasa mkiwa na karatasi za kuondokea, bandari, forodha na uhamiaji, na mkivuka tu mnapandisha bendera ya njano, ya kuomba ruhusa ya kuingia, na kwenda moja kwa moja bandari rasmi ya kuingilia. Kwa njia yenu Tanga ndo rahisi. Msishuke mahali popote kabla ya muhuri, hata kununua madafu. Orodha ya watu waliomo ichapisheni nakala nyingi, kila ofisi itataka yake, na kadi za chanjo ya homa ya manjano msizisahau nyumbani.