Kidole Mstari wa Tatu, Mdomo Mstari wa Saba

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Mwanza. Huku sote wazima; mama yako goti linamsumbua asubuhi, jua likipanda linatulia. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara tatu, mara ya mwisho nikiwa peke yangu chini ya mwembe. Umeuliza kama umwambie mwalimu wako wa kurusha ndege hapo uwanja wa Wilson, Nairobi, kwamba una disleksia, ile hali ya herufi kukuchanganya ukisoma, au unyamaze mpaka ukamilishe saa zako 200 na leseni ya urubani wa kibiashara iwe mkononi. Unaogopa atakutazama kwa jicho jingine.

La fomu ya daktari anayepima marubani nalimaliza haraka. Ukiulizwa humo habari ya disleksia, jibu kweli. Nimeongoza ndege kutoka mnarani miaka thelathini na moja, na sitaki mwanangu ashike usukani juu ya karatasi ya uongo. Hapo hatubishani.

Ila la mwalimu limenishinda kuliandika. Nimeanza mara mbili, nimechana karatasi mara mbili, kwa sababu kila nikianza najikuta sebuleni kwetu, ile Jumapili ya barua ya shangazi yako.

Najua unaikumbuka. Ulikuwa darasa la tatu. Shangazi ameandika kutoka Bukoba habari za posa ya binti yake, wajomba zako wamejaa kwenye makochi, nami nikataka wasikie jinsi mwanangu anavyosoma. Ukasimama mbele ya kabati la vyombo. Ukasoma vizuri, ukatua kwenye nukta, ukaongeza sauti pale pa mbuzi na shuka la bibi, mjomba wako mkubwa akasema "Hongera!" Mimi nilikuwa nimekaa ubavuni pako, nikaona kidole chako. Kidole kilikuwa mstari wa tatu, mdomo ulikuwa mstari wa saba. Nikakunyang'anya karatasi, nikaigeuza, nikaweka kidole changu katikati ya ukurasa wa pili. "Anzia hapa." Ukanyamaza. Mpaka leo nakisikia kijiko cha mjomba kikizunguka ndani ya kikombe. Kumbe dada yako alikusomea jikoni mara mbili, nawe ukaishika barua nzima, kurasa mbili, kwa sikio, mtoto wa miaka tisa! Na mimi baba yako, mbele ya watu wote wale, nikasema, "Kumbe ni mwongo."

Ukanijibu kwa sauti ndogo, "Baba, najua lakini sioni." Nikakutoa nje.

Unajua sheria yangu. Neno lisilorudiwa halijafika. Mlikulia ndani ya sheria hiyo, wewe na dada yako. Mkitumwa dukani hamvuki kizingiti kabla hamjanirudishia: sukari kilo moja, kiberiti, sabuni ya mche. Niliitoa mnarani. Ukimwambia rubani ashuke hadi futi elfu sita, haikutoshi akisema amesikia. Akurudishie kimo chenyewe kwa mdomo wake, nawe usikilize anavyorudisha, maana hapo ndipo kosa linapokamatwa. Nilirudishiwa maneno na marubani wa nchi nisizozijua. Neno la mwanangu mwenyewe, lililokuwa na kila kitu ndani yake, sikulirudia.

Na kinachoniuma ni kwamba ushahidi nilikuwa nao kazini kila siku. Kwa nini tunasema Bravo, tunasema Delta? Kwa sababu redioni B na D ni kitu kimoja. Wakubwa wa usafiri wa anga hawakusema masikio ya marubani ni mavivu. Walizipa herufi majina yasiyofanana, na tangu 1956 dunia nzima inasema hivyo. Tisa ya Kiingereza wakaifanya "naina" isichanganywe na tano, nayo tano wakaitamka "faifu". Kazi yangu yote ilijengwa juu ya kukubali kwamba sikio la mtu mwenye akili timamu hukosea B na D. Jioni nikirudi nyumbani nakuta daftari lako, umeandika b penye d, nachukua fimbo.

Hata mimi. Kabla hatujahamia Mwanza, kituo cha zamani, jioni moja niliandika jina la ndege kwenye stripu, kile kikaratasi tunachofuatia safari, nikapishanisha herufi mbili za mwisho baada ya 5H, alama ya ndege za Tanzania. Kijana tuliyekuwa naye zamu akasema, "Mzee, hizi zimepishana." Nikafuta, nikaandika upya, tukaendelea na chai. Hakuna aliyeniita mwongo.

Nakwambia haya yote kwa sababu naamini, na sitaacha kuamini, kwamba sikio lako ni sikio la rubani. Machi 2008 yalipoanza masharti mapya ya Kiingereza kwa marubani na waongozaji ndege, tulitakiwa kufikia kiwango cha nne. Walipima matamshi, muundo wa sentensi, msamiati, ufasaha, kuelewa unachoambiwa na namna ya kujibizana. Ni kusikia na kusema. Mwaka uliofuata ndio wa ile barua, fikiria. Na ni mwaka huohuo tulipokuwa tunakaa kwenye yale mawe juu ya ziwa, wewe unaisikia ndege ndogo ya Caravan, unasema "Karavani!" mimi sijaona kitu, nasikia mawimbi tu, nahesabu kimoyomoyo hadi ishirini na ushee ndipo inachomoza upande wa Ukerewe. Hukukosea hata mara moja. Nilikuwa nawasimulia wenzangu zamu ya usiku mpaka wakanichoka.

Sasa mama yako amesoma mpaka hapa, akasema nakuuzia sikio wakati chumba cha rubani kimejaa maandishi. Ana haki. Nimekaa nikawaza. Taarifa ya hali ya hewa haiji kwa nyimbo. Inakuja 06008KT, imeshikana kama shanga, na wewe upasue mwenyewe: upepo unatoka nyuzi 060, kasi noti 8, yaani maili 8 za baharini kwa saa. Mtu akiipasua vibaya ana upepo mwingine kabisa. Na namba za njia za kurukia? Hapo Wilson una bahati, 07 na 25, 14 na 32, hakuna iliyo kivuli cha mwenzake. Lakini siku ukifika Kennedy kule New York utakuta 13 na 31, na ni lami ileile, moja kila upande! Anayegeuza tarakimu pale amegeuza ndege nzima, anakutana uso kwa uso na anayekuja. Kwa hiyo siwezi kusema maandishi si kitu. Ni kitu. Chukua penseli, kata mistari: 060, mstari, 08, mstari. Namba ya njia, kabla hujagusa lami, itazame kwenye dira. Njia ya 13 dira inasema karibu 130, na dira haijui kusoma vibaya. Iseme kwa sauti. Neno lisilorudiwa halijafika, hata la kujiambia mwenyewe.

Lakini hofu yangu haiko kwenye kusoma, mwanangu. Nimeitafuta usiku huu nikaipata, nayo iko kwenye kile kidole.

Tarehe 30 Oktoba 1935, Wright Field, jimbo la Ohio huko Marekani, Boeing walileta ndege yao mpya ya injini nne, Model 299, jeshi liijaribu. Aliyeirusha ni Meja Ployer Hill, rubani wa majaribio, mtu anayeijua kazi. Ikapaa, ikainua pua kupita kiasi, ikaanguka ikashika moto. Injini zilikuwa nzima. Kilichosahaulika ni kufungua kifungo kinachoshikilia usukani wa mkiani upepo usiupigepige ndege ikiwa imeegeshwa. Hill alikufa, na Leslie Tower wa Boeing aliyekuwa naye akafa baadaye kwa majeraha. Ndipo marubani wa jeshi wakaandika mambo ya kukagua kwenye kadi, yasomwe kila safari, hata na anayeyajua kwa moyo. Hasa na anayeyajua kwa moyo.

Na wewe unayajua kwa moyo. Najua hivyo bila kukuuliza. Mtoto aliyeshika barua ya kurasa mbili kwa kusomewa mara mbili ameshaishika cheklisti, kadi kama hiyo, ya Cessna yenu ya kujifunzia, yote, kuanzia kabla ya kuwasha injini hadi kuizima. Mwalimu amekaa kulia anasikia kila kitu kinatajwa kwa mpangilio, anaridhika kama wajomba zako walivyoridhika. Kidole kiko wapi? Kama kidole kiko "taa" na mdomo umeshafika "mafuta", hiyo si cheklisti, hiyo ni barua ya shangazi. Na siku wakibadilisha mstari mmoja kwenye kadi hiyo, mdomo hautajua.

Kwa hiyo, umwambie au usimwambie? Nilimwahidi mama yako kwamba safari hii sitakuamulia, nilishaamua vya kutosha nilipokuwa na fimbo. Anayekaa kushoto ni wewe. Huenda mwalimu akabadilika kweli, wapo walimu wa hivyo, nimewasikia redioni wakiwafokea wanafunzi wakiwa hewani mpaka nikawaonea huruma. Huenda wewe umemsoma kuliko mimi nilivyomwazia. Upande mwingine, mwalimu asiyejua hatatazama kidole. Atasikiliza mdomo tu. Mimi nilikitazama, nikakitumia vibaya, lakini nilikitazama. Natamani... hapana, nimeahidi. Ungekuwa hapa ungeuona uso wangu ukajua.

Kuna moja ambalo sihitaji ruhusa ya mama yako. Limechelewa miaka kumi na sita. Ulisema: unajua, lakini huoni. Nakurudishia. Kama nimelipata sawa niambie, na kama kuna nililoacha, nisahihishe.

Dada yako amepata kazi ya mkataba pale hospitali, atakusimulia mwenyewe. Mahindi tumevuna magunia manane, panya wameshaanza. Nitumie picha ya cheklisti yako kwa WhatsApp, kurasa zote, dada yako ataichapisha kubwa. Jumapili ukipiga simu uwe nayo mkononi, unisomee kuanzia mstari wa kwanza, taratibu, nami huku nitakuwa nimeweka kidole.

Baba yako