Komenti ya Facebook inahesabika kama maoni ya mwananchi?

SWALI: Mhariri habari zako. Kaunti yetu iliweka bajeti Facebook ikasema wananchi tutoe maoni, mimi nikaandika maneno marefu vile zahanati yetu haina maji, watu wakalike sana na wengine wakaongezea yao. Bajeti imepita na hakuna hata shilingi ya maji. Sasa walituitia nini?

JIBU: Pole dada yangu. Ule ukurasa mara nyingi unaendeshwa na vijana wa mawasiliano upande wa gavana, kazi yao ni picha na matangazo, lakini wanaoichambua bajeti ni kamati ya bunge la kaunti, watu wengine kabisa, na usidhani kuna mtu anakaa kunakili komenti zenu awapelekee. Katiba ya Kenya ya 2010 kifungu cha 196 inalazimisha bunge la kaunti lishirikishe wananchi, sasa kuna wajanja wanaweka posti, wanapiga skrinshoti, basi wanasema tumeshirikishwa.

Aliyeijua hii kazi ya kusikiliza watu mtandaoni alikuwa chifu Francis Kariuki wa Lanet Umoja, Nakuru, wengi mnamkumbuka, huko 2011, 2012. Wezi wakivamia nyumba usiku chifu anatuma tweet, na hata mwenye simu ya mulika mwizi anaipata kama meseji bila intaneti, majirani wanatoka. Kondoo akipotea, tweet. Watu walimfuata kwa sababu ukimwambia, kitu kinafanyika, si kwa sababu ya picha nzuri.

Sasa linganisha na Mswada wa Fedha wa 2024, ule wa kuongeza kodi. Vijana waliusoma wenyewe, wakaufafanua TikTok na X mpaka kwa lugha za nyumbani, na Rais Ruto alipokuja kuongea nao kwa X Space (yale mazungumzo ya sauti ya moja kwa moja) ilikuwa Julai 5, mswada ashakataa kuutia sahihi tangu Juni 26 na watu washauawa mitaani kwa maandamano. Kuongea ni vizuri sikatai, lakini ushiriki unaokuja baada ya mazishi mimi siuiti ushiriki.

Tukirudi kwa maji yako. Makadirio ya bajeti yanafaa kufika bunge la kaunti kufikia Aprili 30 na mwaka wa fedha unaanza Julai 1, kwa hivyo Mei ndio mwezi wako. Chukua ile komenti uiandike kama barua, weka jina, wadi, zahanati gani na mnataka nini hasa (kisima, tangi, ama bomba), wale waliolike waambie waje watie sahihi, halafu peleka kwa karani wa bunge la kaunti. Imeili ni sawa ila mkono ni bora, na usitoke hapo bila nakala yako kupigwa muhuri. Hiyo nakala yenye muhuri ndio sasa upige picha uweke Facebook, umtag MCA wako (mwakilishi wa wadi), na umuulize kamati inakuja wadi yenu tarehe gani.